Maji Yenye Sura ya Mama

Kama ulikuwa unakunywa chai, msomaji wangu, itue kwanza mezani. Wiki iliyopita tulimwacha Pomaa juu ya ngazi, kichwa amekiingiza kwenye tangi la kiwanda cha maji cha kaka yake, na mkono wa mtu umemkamata kifundo cha mguu. Wengi mmeniuliza aliona nini mle. Haya, nawaambia, ila msije mkanilaumu.

Aliona popo.

Tena si mmoja. Walikuwa wanaelea mabawa wazi, manyoya yamewanyonyoka na kutanda juu ya maji, utando mzito wenye mafuta kama mchuzi uliolala. Mmoja alikuwa amepasuka tumbo. Mabuu yalikuwa yanajipindapinda ndani yake, meupe, yameshiba. Na uvundo! Ulimwingia Pomaa puani, ukashuka kooni, ukakaa.

Na katikati ya uvundo ule wa mzoga kulikuwa na harufu nyingine. Vanila. Ile ile aliyoinusa asubuhi kwenye maji ya msiba, akajiuliza tangu lini maji yakanukia keki.

"Shuka," sauti ikasema kutoka chini. "Shuka taratibu, dada. Usije ukavunja mguu siku ya kumzika mama."

Alikuwa Kyeremeh mwenyewe, kaka yake, mwenye kiwanda. Nguo nyeusi za makaburini bado ziko mwilini, miwani ya jua usoni. Mama yao, Mama Brago, alikuwa amezikwa asubuhi ile ile. Wenzao walikuwa wamekwenda kubadili nguo, wakutane uwanjani kupokea wageni wa msiba.

Pomaa alishuka. Alipokanyaga chini akatapika kando ya viatu vya kaka yake. Ningekuwa mimi ningevilenga kabisa.

"Kaka, mna mizoga mle ndani!"

"Popo wachache tu. Upepo wa kiangazi uling'oa mfuniko, wakaingia. Nitawatoa Jumatatu."

"Jumatatu? Na maji mliyokwisha kuyafunga?"

"Yamepita kwenye chujio. Usinifundishe kazi yangu."

"Chujio lipi? Hili?"

Pomaa alilifungua kopo la chujio lililokuwa kando ya mashine. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, kinateleza, ambacho zamani kilikuwa cheupe. Akakigusa kwa kidole, kikavutika kama kamasi. Akajifuta kidole kwenye kanga ya msiba, akafuta tena, na tena.

"Loo! Na vanila ya nini?"

"Watu wanaipenda."

"Watu wanapenda vanila au wewe unaficha uvundo?"

Kyeremeh alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, maana jamaa huyu alimpenda mama yake, hilo hakuna wa kubisha mji mzima wa Sunyani.

"Nisikilize. Lori limeshaondoka. Maji yako uwanjani. Kila kifuko cha nailoni kina sura ya mama, jina lake, na 'Lala Salama' chini yake. Leo wanakuja wakwe zako kutoka Berekum, wanakuja watu wa kanisa, wanakuja wafanyabiashara wote wa mji huu. Unataka niwape nini?"

"Wape soda! Wape maji ya mvua! Watu wengine kwani hawauzi maji?"

"Mimi? Mwenye kiwanda cha maji? Kwenye msiba wa mama yangu mzazi nikaazime maji kwa mtu? Nitapita wapi mjini hapa?"

"Na watu wakifa?"

"Hakuna aliyekufa kwa maji yangu!"

Alimshika mkono kama anambembeleza. Pomaa akadhani ameelewa, akamfuata. Mara akasukumwa ndani ya ghala la vifungashio, mlango ukabamizwa, komeo likalia upande wa nje.

"Samahani, dada," Kyeremeh akasema nyuma ya mlango. "Nitakufungulia wageni wakishaondoka. Nitawaambia umezidiwa na huzuni."

Halafu gari likanguruma, likaenda.

Pomaa alipiga mlango mpaka mikono ikafa ganzi. Alipogeuka, alikutana na mama yake. Mama yake mia, mama yake elfu, kwenye marobota ya nailoni yaliyojaa mpaka darini, wote wanatabasamu, wote wanasubiri kutiwa maji ya popo. Hapo ndipo Pomaa alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa hasira, si kwa msiba.

Komeo likalia tena.

"Dada Pomaa! Upo?"

Alikuwa Afrakoma, mama wa makamo anayesimamia mashine ya kufunga vifuko. Alikuwa amebaki zamu, maana waliambiwa wageni ni wengi na maji yaongezwe. Kiunoni alikuwa amejifunga kanga, na ndani ya kanga amechomeka chupa.

"Hiyo chupa ya nini?" Pomaa akauliza.

"Maji yangu. Nimetoka nayo nyumbani."

"Unafanya kazi kiwanda cha maji, unakuja na maji?"

"Sote hapa tunakuja nayo." Afrakoma alitema mate chini. "Ptuu! Ninywe uchafu ule? Tangu kiangazi hakuna mfanyakazi anayeonja maji ya hapa. Hata mikono hatunawii."

"Na mkanyamaza!"

"Nani alinyamaza? Tulimwambia bosi maji yananuka. Tukamwambia tena. Akaleta vanila."

Pomaa alimtazama mwanamke yule, asijue amkumbatie au amzabe kofi. Watu wanafunga uozo kwenye nailoni toka asubuhi hadi jioni, wanawauzia wenzao, halafu wao wanakunywa ya chupa kiunoni! Lakini Afrakoma alikuwa amemfungulia mlango, na kufungua mlango ule kulikuwa kumemfukuzisha kazi tayari.

"Twende ukaseme mbele ya ukoo."

"Mimi? Mimi si wa ukoo wenu, nitaambiwa ni kibarua mwenye kinyongo. Wewe ni binti wa marehemu. Kimbia, dada. Wakishakunywa wameshakunywa."

Pomaa akakimbia.

Uwanja wa msiba ulikuwa umejaa. Maturubai mekundu na meusi, viti vya plastiki, ngoma zimetulia kidogo. Wakwe wa Berekum walikuwa wamefika. Walikuwa wameshapita kuwapa mkono wafiwa, wameketi upande wao, na mbele yao akina mama wanapitisha sinia za maji. Nanyi mnajua kwetu anayeingia kwenye mkutano, awe mgeni au mwenyeji, hafungui kinywa mpaka apewe maji. Anakunywa, anamwaga tone kwa wazee waliotangulia, ndipo anaulizwa habari za njia. Kabla ya maji hakuna salamu, hakuna shauri, hakuna kesi.

Mzee Amponsah, baba mkwe wa Pomaa, alikuwa ameshika kifuko mkononi. Alikinusa, akacheka.

"Mama Brago ametupokea vizuri," akamwambia mwenzake. "Hata maji yananukia harusi."

Akakipeleka mdomoni, ang'ate kona.

"Msinywe! Baba, usinywe!"

Uwanja mzima uligeuka. Pomaa alikuwa amesimama katikati, miguu peku, kanga imelowa matope ya kiwandani na matapishi yake mwenyewe. Waliokuwa karibu walijiziba pua.

"Mna popo wamekufa kwenye tangi! Wameoza! Msinywe!"

Minong'ono ikapanda. Mmoja alisema masikini, mwingine akasema amekunywa pombe. Kyeremeh aliinuka kwenye kiti cha wafiwa, akaja amefungua mikono.

"Jamani, mweleweni. Dada yangu hajalala tangu mama afe. Popo! Popo na mchana huu?"

Watu wawili watatu wakacheka.

"Mjomba!" Pomaa akapaza sauti. "Nisikilize mjomba!"

Mjomba Gyabaah, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo, aliinua mkono umati utulie. Mzee yule alikuwa mkali wa mila. Alimkazia macho mpwa wake toka miguu peku mpaka kichwani.

"Wewe Pomaa. Umeingia kwenye msiba wa mama yako unapiga kelele kama uko sokoni. Umempa nani mkono?"

"Mjomba, hakuna wakati wa..."

"Umeketi wapi?"

"Mjomba, watu watakufa!"

"Umekunywa maji?"

Pomaa akazitazama sinia za maji. Alikuwa ameanza kuona anakopelekwa.

"Maneno yanayosemwa kabla ya maji hayajasemwa," mjomba akasema. "Hata ungekuwa chifu. Wakwe zetu wamekaa hapa kwa adabu, wanangoja. Nikikusikiliza wewe uliyeingia hivi, nimewatukana wao. Kaa. Unywe. Halafu sema, nami nitakusikiliza mpaka mwisho."

Mnaona mtego huo? Anataka kusema maji ni sumu, na hawezi kusikilizwa mpaka ayanywe!

Kyeremeh aliuona kabla ya wote. Alitabasamu. Alichukua kifuko kwenye sinia, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamkabidhi dada yake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Karibu maji, dada."

Na kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye peke yake: "Huwezi. Rudi nyumbani ukaoge."

Kila mtu alikuwa anamtazama. Mzee Amponsah bado ameshika kifuko chake karibu na mdomo, kwa heshima anamsubiri mkwewe anywe, ndipo naye anywe.

Pomaa aliketi.

Aliitazama sura ya mama yake kwenye nailoni. Aliyaona mabuu, tumbo lililopasuka, kile kitu cheusi cha kwenye chujio. Akang'ata kona. Vanila ikampanda kichwani. Maji yakaingia kinywani, yana uvuguvugu, yana kautelezi, na nyuma ya utamu ule wa keki kuna kile kingine, kile cha tangini.  Akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka, koo likagoma. Akalilazimisha.

Akameza.

Kyeremeh alirudi nyuma hatua moja. Nadhani hakuamini. Mimi ninayewasimulia ningekuwa pale, ningekimbilia Ivory Coast.

Pomaa alimwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, na moyoni akawaomba radhi kwa kuwapa uchafu ule. Akapangusa mdomo.

"Nimekunywa, mjomba."

"Sema basi."

Akasema. Alisema mambo yote bila kupumzika, popo, utando, chujio, ghala, Afrakoma na chupa yake kiunoni. Alisema wafanyakazi wamekataa kuyanywa tangu kiangazi. Alisema maji yalipoanza kunuka ndipo vanila ilipoletwa. Na alipokuwa anasema, mmoja mmoja, vifuko vikaanza kurudi kwenye sinia. Mzee Amponsah aliweka chake chini ya kiti, akakisogeza mbali kwa mguu.

Mjomba Gyabaah aliomba bakuli jeupe. Akapasua kifuko, akamimina. Watu wakanyoosha shingo.

Maji yalikuwa meupe pe. Unaona mpaka maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

Kicheko kikalipuka. "Popo wako wapi?" mtu akapaza sauti nyuma. "Labda wameruka!"

Pomaa alilikodolea macho bakuli. Alijua maji yanaweza kung'aa na bado yakaua, lakini nani angemsikiliza, na bakuli lile linang'aa mbele ya macho ya watu wote?

"Kyeremeh," mjomba akasema. "Dada yako amekunywa akasema. Nawe kunywa, useme."

Kyeremeh alichukua kifuko. Akakigeuza mkononi. Akakitazama. Hakukipeleka mdomoni.

"Mfiwa mkubwa hanywi mbele ya wageni," akasema.

"Leo nakuruhusu."

"Mjomba, mimi ni wa kupimwa hivi? Mimi? Mbele ya wakwe?" Akageukia umati. "Mnanijua ninyi nyote! Mnajua nilivyompenda mama yangu! Mtu anaweza kumpa mama yake uchafu? Mama hakuwa anakunywa maji mengine ila haya haya! Nilikuwa nampelekea kwa mikono yangu mwenyewe. Alipougua, nani alikuwa anamnywesha? Si mimi? Akitapika, namfungulia kingine. Akiharisha, namwambia, mama, ongeza, maji yamekutoka mwilini. Usiku kucha namnywesha! Alisema mwanangu, maji yako matamu. Muulizeni Mama Mdogo Yeboaa, alikuwepo. Sasa mtu akimnywesha mama yake hivyo, anaweza kuambiwa maji yake ni..."

Akasita.

Hakuna aliyemkatiza. Ni masikio yake yaliyokuwa yamemfikishia maneno yake mwenyewe.

Mama Mdogo Yeboaa, mdogo wa marehemu, aliyemuuguza na kumuosha, alikuwa amebeba sinia ya maji. Aliiweka chini polepole. Akajifunika uso kwa kanga.

"Dada alianza kuugua lini?" mjomba akauliza. Hakumtazama mtu.

"Mvua za kwanza," Mama Mdogo akajibu ndani ya kanga. "Tumbo. Tukampeleka hospitali akapata nafuu. Tukamrudisha nyumbani likaanza upya. Tukampeleka tena, akapata nafuu tena. Kila tukimrudisha nyumbani, kaka, kila tukimrudisha nyumbani..."

Akashindwa kumaliza. Haikuwa lazima amalize.

Kicheko kilikuwa kimekufa zamani. 

"Nani ameshakunywa haya maji leo?" mjomba akauliza.

 Kisha mkono ukapanda upande wa kwaya. Mwingine jikoni. Wengine wawili chini ya turubai jeusi. Halafu mikono mingi, mingi, ya akina mama na watoto wao, na kila aliyenyoosha alikuwa na mkono mwingine tumboni.

Pomaa naye alinyoosha wake.

Hapo ndipo Kyeremeh aliponyakua sinia nzima. Aling'ata kifuko kwa meno, akakinyonya mpaka kikakauka, akakitupa. Akang'ata cha pili. Maji yalimmiminika kidevuni, kifuani, juu ya nguo nyeusi. Akang'ata cha tatu, analia na kumeza kwa pamoja, anakohoa, na hakomi.

"Mzuieni!" mtu akasema.

"Mwacheni," mjomba akasema.

Pomaa aliruka akamshika mkono. "Kaka, basi! Kaka, tema! Inatosha!"

Kyeremeh alimsukuma. Kifuko cha nne kilikuwa mdomoni, sura ya mama imekunjamana kati ya meno yake.

"Niache ninywe," akasema. "Yeye alikuwa anakunywa huku ananishukuru."